Metali zinazotua kutoka hewani: barabarani, kiwandani, shambani, msituni na ziwani (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya ndiyo maswali yanayonirudia kila ninapoomba ruhusa ya kuweka ndoo ya kukusanyia vumbi kwenye uwanja wa mtu. Yanaulizwa na wakulima wa mboga, walimu wa sayansi, wanafunzi wa chuo, na wenye nyumba wanaotaka kujua ndoo hiyo inatafuta nini hasa kwao. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yenye utata. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Metali ni nzito. Inawezaje kupaa hewani, kisha ikatua mbali?

Kinachoamua ni ukubwa wa chembe kuliko uzito wa metali yenyewe. Fundi akiyeyusha risasi ya betri, sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke ukipoa hufanya chembe ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hizo hukaa hewani siku kadhaa, hata wiki, na kusafiri na upepo kuvuka mikoa. Vumbi nene linalotimuliwa na lori, kwa upande mwingine, hutua baada ya dakika chache au saa chache, mara nyingi hapo hapo kando ya njia.

Kutua kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kavu: chembe zinaanguka zenyewe au zinagonga jani, ukuta, nguo iliyoanikwa. Ya pili ni kwa mvua, pale matone yanapokusanya chembe na kushuka nazo. Milimani kuna ya tatu inayosahaulika: ukungu. Kwenye misitu ya Kilimanjaro au Usambara, ukungu unaogusa majani huacha maji na kila kilichomo, hata siku ambayo kipimo cha mvua kinasoma sifuri.

2. Tunazungumzia metali zipi?

Risasi, kadimiamu, zinki, shaba, nikeli, kromiamu, vanadiamu, manganizi, antimoni na zebaki. Aseniki nayo huhesabiwa humo ingawa wakemia watakuambia si metali kamili. Zinapatikana kwa viwango vidogo sana, vya mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Na kwa kuwa kila mara kuna anayeuliza: risasi hapa si ya bunduki, ni ile metali laini ya kijivu iliyomo kwenye betri za magari na chubwi za wavuvi.

Baadhi, kama zinki na shaba, mwili na mimea huzihitaji kwa kiasi. Risasi, kadimiamu na zebaki hazina kazi yoyote mwilini.

3. Kwa nini matumizi ya ardhi yanaleta tofauti, na hewa ni moja?

Kwa sababu mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza, matumizi ya ardhi huamua chanzo kilicho karibu: stendi ya mabasi, gereji, machimbo, jalala linalowaka. Pili, huamua sura ya kile kinachopokea. Uwanja wa mpira uliotambarare hupokea kidogo, mti wenye majani mengi hupokea zaidi, na bati hupokea kisha mvua ya kwanza huliosha lote. Ndiyo maana sehemu mbili zenye hewa ileile zinaweza kuwa na kiwango tofauti kinachotua. Ukisahau hili la pili, matokeo ya msituni (swali la 9) yatakuchanganya.

## Mahali kwa mahali

4. Petroli siku hizi haina risasi. Barabarani kumebaki nini?

Kumebaki mengi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001, na Algeria, ya mwisho duniani kwa magari ya kawaida, ikafuata Julai 2021. Risasi ya kwenye moshi wa magari ikashuka sana. Lakini ile iliyokwisha kutua miaka yote ya nyuma bado imekaa kwenye udongo wa kandokando, kwa kuwa risasi haiozi na husogea polepole mno. Kila barabara inapofagiliwa, kuchimbwa au kupanuliwa, sehemu yake hupanda tena hewani.

Halafu kuna metali zisizotoka kwenye ekzosi kabisa. Brekipedi zikisagika hutoa shaba na antimoni. Tairi hutoa zinki, ambayo huwekwa kwenye mpira wakati wa kuutengeneza. Vile vipande vidogo vinavyopigiliwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, vingi vilikuwa vya risasi, na vikidondoka husagwa na magari yanayofuata. Ukitaka kuona mwenyewe, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ufute jani la mwembe ulio kwenye mteremko, pale daladala zinapokanyaga breki kabla ya kituo. Kisha futa jani la mwembe ulio nyuma ya nyumba. Cha kwanza hutoka cheusi chenye mafuta, cha pili hutoka na udongo wa kawaida.

5. Barabara ya vumbi ni mbaya kuliko ya lami?

Kwa wingi wa vumbi, ndiyo. Kwa metali za hatari, mara nyingi hapana. Vumbi la murram ni udongo uliosagwa: chuma, alumini, manganizi. Linaudhi na linaumiza mapafu, lakini risasi yake kwa kila gramu kwa kawaida ni ileile ya udongo wa eneo hilo. Lami yenye foleni hutoa vumbi kidogo lenye zinki, shaba na antimoni nyingi. Wanaolinganisha sehemu hizi mbili kwa kupima uzito wa vumbi pekee hutoa hitimisho lililopinduka.

6. Nyumba yangu iko karibu na kiwanda cha kuyeyusha metali. Umbali gani ni salama?

Kabla ya kuuliza umbali, uliza upepo unatoka wapi. Mfano ulio wazi kuliko yote kwa wasomaji wa Kiswahili uko Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi huko mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki, unaotawala hasa kiangazi, ukausukuma moshi wake upande mmoja tu, kaskazini-magharibi. Asidi ya salfa na metali vikatua pamoja. Miti ya miombo ikafa, mvua ikabeba udongo wa juu, na eneo kama Penga Penga likabaki uwanja mtupu. Baadaye watafiti walijaribu kulifunika kwa nyasi zinazovumilia shaba, hasa Microchloa altera. Aliyeishi kilomita chache upande wa kusini-mashariki wa mnara wa moshi wa kiwanda alipokea kidogo sana kuliko aliyekuwa umbali uleule upande wa pili.

Kabwe, nchini Zambia, inafundisha jambo jingine. Mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini mabaki yake yamelala wazi na upepo wa mashariki unaendelea kuyapeperusha kuelekea mitaa ya magharibi, Kasanda na Makululu. Kwa hiyo kiwanda kufungwa si mwisho wa kutua.

Mombasa kuna Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Moshi, vumbi na maji machafu vilifika hadi kwenye nyumba, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020 iliamuru wakazi wafidiwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza upepo, maana ukuta wa kiwanda ndio ulikuwa ukuta wa majirani.

7. Mtaani kwetu hakuna kiwanda wala barabara kubwa. Tumeepuka?

Inategemea kinachochomwa. Takataka zikichomwa pamoja na waya, betri za tochi na plastiki za rangi, moshi wake una metali. Mbao za madirisha ya zamani zilizopakwa rangi huweza kuwa na risasi. Kikomo kinachohimizwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na rangi za zamani zilikipita kwa mbali. Wanaochoma nyaya ili watoe shaba wanajulikana kila mji.

Kisha kuna vyanzo vya uani ambavyo hakuna anayeviita kiwanda: kijana anayeyeyusha risasi ya betri kwenye kopo amwage chubwi, fundi anayeyeyusha vyuma chakavu vya alumini atengeneze sufuria. Moshi wao ni mdogo ukilinganisha na mnara wa Lubumbashi, lakini unatoka kwenye usawa wa pua ya mtoto, mita tatu kutoka jikoni. Mimi ningeanza kukagua hapo kabla ya kulalamikia barabara kuu.

8. Shambani je?

Hewani hutua kidogo, isipokuwa shamba liwe karibu na chanzo. Metali nyingi za shambani huletwa na mkulima mwenyewe. Mbolea za fosfeti huja na kadimiamu kidogo kidogo. Mashamba ya kahawa ya Kenya na miteremko ya Kilimanjaro yana shaba nyingi kwenye udongo kutokana na dawa za shaba zilizopulizwa miaka na miaka dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mtu akipima udongo huo bila kujua historia yake, atautafuta mnara wa kiwanda usiokuwepo. Bustani za mabondeni mijini, kama za Msimbazi jijini Dar es Salaam, zina jambo la tatu: maji ya kumwagilia, ambayo nayo huweza kuja na metali.

9. Msituni hewa ni safi. Kwa nini vipimo vya chini ya miti huwa juu kuliko vya uwanjani?

Swali zuri, na limewatoa jasho wanafunzi wengi. Mti ni kama chandarua. Majani yake, matawi na magome hunasa chembe na ukungu siku zote za kiangazi, kisha mvua ikinyesha huviosha vyote kwa mpigo. Ukiweka ndoo chini ya mti na nyingine mahali pa wazi, ile ya chini ya mti hupata mvua pamoja na kilichooshwa kwenye majani.

Tahadhari moja: si kila kinachodondoka kwenye majani kilitoka hewani. Manganizi na potasiamu hupandishwa na mizizi na kuvuja kwenye majani mvua inaponyesha. Risasi hupandishwa kidogo sana, kwa hiyo ndiyo inayoaminika zaidi kueleza kilichotoka angani. Na ukingo wa msitu, unaopigwa na upepo, hupokea zaidi ya katikati yake. Ndoo moja iliyowekwa ukingoni haiwezi kuusemea msitu mzima.

10. Ziwa Victoria hupokea metali kutoka hewani?

Ndiyo, na kwa njia ya moja kwa moja kuliko watu wanavyofikiri. Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu yake, si mito. Kwa hiyo kinachobebwa na mvua kina uzito kwenye hesabu za ziwa hilo. Moshi wa kuchoma nyasi na mashamba, vumbi la miji ya pwani zake, na zebaki ya wachimbaji wadogo (swali la 20) vyote vina njia ya kufika humo bila kupitia mto wowote.

11. Pwani na bandarini kuna tofauti gani?

Hewa ya bahari huleta chumvi, ambayo hutua kwa wingi na kuharibu mahesabu ya asiyeitegemea. Bandari huongeza vanadiamu na nikeli, alama za mafuta mazito ya meli. Tangu Januari 2020 kanuni za kimataifa zimepunguza salfa kwenye mafuta hayo hadi asilimia 0.5, na kwa kuwa mafuta mepesi zaidi huwa na vanadiamu kidogo, alama hiyo imefifia sehemu nyingi. Jambo la kukumbuka ni pepo. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, nyumba ileile hupokea hewa kutoka pande mbili zinazopingana, hivyo kipimo cha mwezi mmoja pwani ni nusu ya habari.

## Kupima

12. Naweza kupima kwa ndoo ya kawaida?

Kukusanya, ndiyo, kupima ni kazi ya maabara. Unahitaji ndoo ya plastiki isiyo na rangi kali, iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki ya takriban asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yasiyo na madini. Iweke juu ya nguzo, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, mbali na mti na paa, kwa mwezi mmoja. Weka tatu, si moja. Weka na ya nne yenye kifuniko kwa muda wote huo: kitakachoonekana ndani yake hakikutoka hewani, kimetoka mikononi mwako au kwenye ndoo.

Ndoo yangu ya kwanza niliifunga kwenye nguzo kwa waya wa mabati. Majibu yaliporudi, zinki ilikuwa juu ajabu, nami nikajiandaa kutangaza ugunduzi. Waya ule umepakwa zinki. Siku hizi nafunga kwa kamba ya nailoni.

13. Hesabu inafanywaje?

Gawanya kiasi cha metali kwa eneo la mdomo wa ndoo, kisha kwa idadi ya siku. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 20 ina mdomo wa mita za mraba 0.0314. Maabara ikikuta mikrogramu 30 za risasi baada ya siku 30, jibu ni karibu mikrogramu 32 kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Kwa mvua peke yake ni rahisi zaidi, kwa sababu milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka yenye mikrogramu 2 za risasi kwa lita huleta mikrogramu 2,000, yaani miligramu 2 kwa mita ya mraba.

14. Kiasi gani ni kingi?

Vikomo vinavyorejelewa sana ni vya Ujerumani. Kwa kila mita ya mraba kwa siku, wastani wa mwaka: risasi mikrogramu 100, nikeli 15, aseniki 4, kadimiamu 2, zebaki 1. Usivichanganye na vikomo vya hewa unayovuta, ambavyo huandikwa kwa mita ya ujazo. Kwa risasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 0.5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka, na Marekani tangu 2008 imejiwekea 0.15, wastani wa miezi mitatu.

15. Si nitapima udongo tu, niachane na ndoo?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tufanye hesabu taratibu. Chukua shamba linalopokea mikrogramu 50 za risasi kwa mita ya mraba kila siku, nusu ya kikomo cha hapo juu. Kwa mwaka ni miligramu 18. Ukilima na kuchanganya udongo hadi sentimita 20, mita moja ya mraba ina takriban kilo 260 za udongo. Ongezeko ni miligramu 0.07 kwa kilo. Udongo wa kawaida tayari una miligramu 10 hadi 30, na tofauti kati ya sampuli mbili zilizochotwa hatua tatu mbali ni kubwa kuliko hiyo. Ungepima kila mwaka kwa miaka kumi na usione kitu.

Sasa chukua udongo uleule usiolimwa, uwanja wa shule kwa mfano. Risasi hubaki kwenye sentimita ya juu kabisa, kilo 13 tu za udongo, na ongezeko ni miligramu 1.4 kwa kilo kila mwaka. Hiyo ndiyo sentimita wanayochezea watoto. Kwa hiyo udongo unakueleza historia, ndoo inakueleza mwezi uliopita, na ukichota udongo kwa jembe refu utakuwa umeipunguza historia yenyewe.

16. Nitajuaje kama metali imetokana na binadamu au ni ya udongo wa asili?

Tumia alumini kama rula, kwa kuwa nyingi hutoka kwenye udongo. Gawanya risasi kwa alumini kwenye sampuli yako, kisha gawanya jibu hilo kwa uwiano huohuo wa udongo. Ukipata karibu na 1, ni vumbi la udongo. Ikipita 10, tafuta chanzo kingine. Katikati, usiseme kwa uhakika.

Vitabu hutumia wastani wa miamba ya dunia nzima. Ushauri wangu: tumia udongo wa eneo lako. Udongo wetu mwekundu umejaa alumini na chuma kupita wastani huo, na rula ya kuazima itakupa majibu ya kuazima. Na kama kuna majalala ya alumini chakavu au mafundi sufuria jirani, chagua rula nyingine, kama titani.

## Chakula, maji na watoto

17. Mboga zilizolimwa kando ya barabara zinafaa kuliwa?

Rudi kwenye shamba la swali la 15, ambalo udongo wake hauonyeshi kitu. Otesha mchicha uvunwe baada ya siku 21. Tuseme majani yananasa nusu ya risasi inayotua, na mita ya mraba inatoa kilo 2. Hiyo ni mikrogramu 525 kwenye kilo 2, au miligramu 0.26 kwa kilo, kabla ya kuosha. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni 0.3. Mboga hupokea vumbi moja kwa moja, kabla halijafika kwenye udongo, na ndiyo maana kipimo kizuri cha udongo hakimwondolei mtu wasiwasi kuhusu jani.

Mfano huu ni hesabu ya karatasini, lakini mpangilio wake ni wa kweli: mchicha, sukuma wiki, matembele, au lengalenga kama wanavyouita mchicha Lubumbashi, hupokea zaidi. Mahindi yamefunikwa na maganda yake. Mihogo na viazi viko chini ya ardhi, navyo shida yao ni udongo, si hewa. Aliye kando ya barabara afikirie kubadilisha zao kabla ya kuhama shamba. Sehemu kubwa ya vumbi nene hutua ndani ya makumi machache ya mita za kwanza.

18. Kuosha kunasaidia?

Kunasaidia kwa kilicho juu ya jani, hakusaidii kwa kilichoingia ndani kupitia mizizi. Risasi nyingi ya majani hukaa juu. Kadimiamu hupita kwenye mizizi. Osha kabla ya kukata. Jikoni kwetu wengi hukata sukuma wiki kwanza, tena nyembamba, kisha ndiyo zioshwe, na hapo vumbi limekwisha ingia kwenye kila mkato. Badilisha maji mara mbili au tatu, na tupa majani ya nje. Maji anayonyunyizia muuzaji kwenye mafungu ili yasinyauke hayahesabiki kuwa ni kuosha.

19. Maji ya mvua kutoka kwenye bati je, na watoto wangu?

Bati jipya hutoa zinki. Juu ya miligramu 3 kwa lita maji huanza kuwa na ladha na kutengeneza utando juu yanapochemshwa. Ni kero zaidi kuliko sumu. La kuangalia ni risasi, ambayo mwongozo wa maji ya kunywa unaiwekea mikrogramu 10 kwa lita. Hutoka kwenye vumbi lililotua juu ya paa, rangi za zamani, na vichwa vya misumari ya risasi kwenye baadhi ya mapaa ya kale. Mwaga maji ya dakika za kwanza za mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kabla ya kuelekeza bomba kwenye tangi. Kuchemsha hakuondoi metali.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto huila risasi zaidi ya kuivuta: vumbi, mikono, mdomo. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu, na anayefanya kazi gereji au kwenye betri avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

## Maswali yenye utata

20. Zebaki hufuata kanuni hizi?

Haifuati. Mchimbaji mdogo wa Geita au Migori anapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, zebaki hupaa ikiwa gesi, na gesi hiyo huweza kubaki hewani miezi kadhaa hadi mwaka, ikaizunguka dunia. Nyingine hutua jirani. Majani ya misitu huivuta kwa ndani, kisha huishusha yanapopukutika, kwa hiyo ndoo ya kawaida haiioni yote. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa ziwe na mpango wa kuipunguza.

21. Tunaishi karibu na volkano. Hilo limo kwenye hesabu?

Limo, na wakazi wa Goma wanalijua. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hushusha floridi, asidi na metali kwenye mvua ambayo wengi wanaikinga kwa kunywa, nayo asidi huyeyusha zaidi bati lenyewe (swali la 19). Hapo usitumie rula ya swali la 16 bila kumshauri mtu anayeijua gesi ya volkano: metali kadhaa zitapita 10 bila mkono wa binadamu.

22. Ua wa miti kando ya barabara unazuia?

Unapunguza vumbi nene, ndiyo. Michongoma au minyaa iliyoshonana vizuri, yenye matawi hadi chini, ni bora kuliko miti mirefu yenye uwazi kwenye shina. Lakini kilichonaswa hakijatoweka. Kiko kwenye majani ya ua, na kitadondoka chini yake. Usioteshe mboga kwenye msingi wa ua, na mabaki ya kupogolea usiwape mbuzi.

23. Ndege ametua kwenye ndoo yangu. Niitupe sampuli?

Kinyesi kidogo huweza kuongeza zinki na shaba, kidogo sana risasi. Andika ulichokiona, peleka sampuli, na uiweke pembeni kwenye wastani ikiwa inapishana sana na zile mbili nyingine. Pete ya waya wa plastiki iliyoinuliwa kidogo juu ya mdomo huwapa kunguru mahali pengine pa kutua. Hapo ndipo utakapoona faida ya ndoo tatu.

24. Maabara imeandika kadimiamu "haikuonekana". Niweke sifuri?

Hapana. Maana yake ni kwamba iko chini ya uwezo wa mashine, na uwezo huo unatofautiana. Waulize kikomo chao ni kipi, ukipeleke kwenye hesabu ya swali la 13. Ukikuta kwamba hata kadimiamu ya mikrogramu 2 kwa mita ya mraba kwa siku isingeonekana kwa mashine yao, basi hujapata habari njema, umepata maabara isiyokufaa kwa kazi hiyo. Acha ndoo miezi miwili badala ya mmoja, au tafuta mashine yenye jicho kali zaidi.